Maji ya Kumwagia Chuma

Kinu chetu cha posho kilikuwa kinafia mahali pamoja kila mara. Injini ilikuwa nzima, nyundo za ndani zilikuwa nzima, lakini pale shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha nyundo, inapoingia kwenye beringi palikuwa panalika. Beringi ni ile pete ya chuma yenye gololi ndani, ndiyo inashika shafti ikizunguka. Ikishika sawasawa, shafti na pete vinakwenda pamoja kama mtu na ngozi yake. Ikilegea kidogo tu, shafti inazunguka ndani ya pete, inajila yenyewe, na kinu kinaanza kulia kama punda aliyefungwa mbali na maji.

Kinu kilikuwa cha kikundi chetu cha wanawake, mwethya wetu, huko ndani kutoka Kambu, ile miaka ya themanini mwanzo. Majina ya wale wanawake wote ninayo kichwani, yao na ya baba zao, na ya ng'ombe waliouzwa ili tununue kinu. Siyaandiki. Wengine wako hai, na waliokufa wana wajukuu wanaojua kusoma.

Kinu kikilia tulimwita fundi kutoka Mtito Andei. Alikuwa fundi wa malori, akija kwetu anakuja kwa hisani. Alitoa shafti, akaigonga kwa ncha ya chuma pale palipolika, tundu dogo karibu na tundu dogo, mpaka uso ukawa na vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo vilishika beringi. Vilishika kwa muda, kisha vikalika navyo, na sisi tukarudi kubeba mahindi kichwani hadi kinu cha barabarani. Mwishowe yule fundi alituambia shafti imekwisha, haina nyama ya kugonga tena.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwanamke mrefu, mzee wa kanisa, hakuwa na haraka ya kuongea. Siku hiyo aliongea. Alisema kuna polytechnic ya kijiji upande wa Kitui, imejengwa na kanisa, wazungu wameleta mashine ya kukereza chuma, na vijana wanafundishwa kutengeneza kitu kama hiki chetu kikiwa kipya. Alisema mmoja wetu aende.

Sikuchaguliwa kwa akili. Mimi nilikuwa nimefika darasa la tatu, na kuna wawili pale walikuwa wamemaliza la saba. Lakini wale wa darasa la saba walikuwa na waume wa kuuliza maswali. Mume wangu alikuwa Mombasa, anakuja Krismasi, na mama mkwe wangu alikuwa na nguvu za kukaa na watoto.

Mwenyekiti alimuuliza mama mkwe mbele ya watu, "Mama, huyu akienda, nyumba itasimama?"

"Imesimama tangu kabla hajaolewa," mama mkwe akasema. "Aende. Akirudi bila kujua, atabeba mahindi yangu na yake."

Mwethya wakakubali kulima shamba langu pamoja na yao. Nikaenda Kitui, nikakaa kwa mama mdogo wangu, ndugu ya mama yangu, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na ile polytechnic.

Darasa la chuma lilikuwa la vijana wa kiume tu. Wasichana walikuwa kwenye ushonaji, upande wa pili wa uwanja, na siku ya kwanza karani alinionyesha huko bila kuniuliza. Nilimwambia natafuta chuma. Akaniangalia miguu, nafikiri alikuwa anatafuta viatu. Nilikuwa na ndala.

Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Kikamba aliyekaa miaka mingi kwenye karakana za reli kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Ledhi ilikuwa moja, ile mashine ya kukereza, na miezi ya kwanza hakuna aliyeigusa. Tulipewa kila mtu kipande cha chuma kibaya na tupa, tukaambiwa tukisugue mpaka kiwe na pembe nne zilizo sawa. Ukimpelekea, anakiweka juu ya kioo, anachungulia mwanga chini yake, anakurudishia. Hasemi kitu. Vijana walilalamika kwamba hawakuja shule kusugua. Mimi nilikuwa nimesugua mawe ya kusagia na sufuria na sakafu, sikuona ajabu.

Wa kwenye meza yangu alikuwa kijana wa Mwingi, kutoka familia ya Waislamu wenye malori. Baba yake alitaka ajue kutengeneza vipuri badala ya kuvinunua. Alikuwa na mdomo.

"Mama, hiyo si sufuria, usiitafutie masizi," ananiambia.

"Na wewe hiyo si gari ya baba yako, usiilalie."

Ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyoendelea.

Baadaye tukafundishwa maikromita, kipimo kinachokaa mkononi kama kufuli wazi. Unaweka chuma katikati, unakaza skrubu taratibu, unasoma mistari. Mwalimu alitung'olea ukurasa mtupu wa mwisho wa Biblia iliyokwisha, akapima karatasi ile mbele yetu, kisha akasema kazi yetu ni kuigawa karatasi hiyo kwa unene, mara nne. Robo moja ya karatasi ya Biblia, ndiyo tofauti ya beringi inayoshika na beringi inayozunguka ovyo. Kijana wa Mwingi akasema kwa Kurani je. Mwalimu akasema lete tupime.

Kusoma mistari ile kulinichukua muda kuliko wengine, kwa sababu ya hesabu ya nukta. Nilipoijua, niliijua. Sikuiona ngumu tena.

Sasa, ledhi inavyofanya kazi ni hivi. Chuma kinafungwa na kuzungushwa, na kisu kigumu kinakisogelea na kukimenya, kinatoa nyuzi zinazojikunja kama maganda ya viazi. Kisu na chuma vikisuguana hivyo vinapata moto. Kwa hiyo juu yake kuna bomba dogo linalomwaga maji yaliyochanganywa na mafuta, meupe kama maziwa ya kuongezwa maji. Yanapoza, yanaanguka kwenye sinia, yanarudi kwenye tangi la mashine, yanapanda tena. Lakini hayarudi yote. Mengine yanaruka, mengine yanaondoka na nyuzi, mengine yanakuwa mvuke. Kila wiki tangi lilidai kuongezwa.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Tangi kubwa la polytechnic, lile la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, lilikuwa karibu tupu, linalia ukiligonga. Kwa mama mdogo tulichota maji kwenye mchanga wa mto: unachimba shimo, unangoja yajae kwa kata, unateka, unangoja. Asubuhi nilikuwa napiga magoti kwenye shimo lile, na baada ya saa chache nasimama mbele ya mashine ambayo inamwagiwa maji juu ya chuma, na chuma hakina kiu.

Nilikuwa nafunga lile bomba. Mwalimu akipita nalifungua, akiondoka nalifunga. Sikukaa chini nikaamua. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kufunika mtungi. Nilimenya polepole, kidogo kidogo, na kisu hakikuharibika. Vipande vya mazoezi havikuwa na kipimo kikali, vikaonekana sawa. Mwalimu alisema tu kwamba mama ana mkono wa pole.

Kikundi chetu kilikuwa kimekubaliana na mwalimu kwamba kazi yangu ya mwisho, ile ya kupimwa kwa mtihani, iwe ndiyo shafti ya kinu. Wakanunua chuma cha mviringo kutoka Nairobi, kigumu, kirefu kama mkono na bega, kikaja kwa basi kimefungwa kwa gunia. Kilikuwa kimoja. Mwenyekiti alituma ujumbe kwa mdomo wa mtu wa basi: waambie kwamba hakuna kingine nyuma ya hiki. Njaa ilikuwa imeanza kule kwetu. Mahindi ya msaada yalikuwa yanakuja yakiwa mazima, na kinu kilikuwa kimelala. Kwa hiyo chuma kile kilikuwa kinangojewa.

Nilikifunga kwenye ledhi siku ya Jumatano. Nilikereza mwili wote wa shafti, nikafanya mahali pa beringi ya kwanza, upande wa injini. Jumatano na Alhamisi zilikwenda vizuri. Chuma kile kilikuwa kigumu kuliko vya mazoezi, kilitoa moshi kidogo, na jua la pale ndani chini ya mabati unalijua mwenyewe. Bomba lilikuwa limefungwa. Alhamisi jioni nilipima mahali pa beringi kwa maikromita: milimita arobaini na sehemu moja ya mia. Ndivyo inavyotakiwa. Nikapima tena. Nikafuta mashine, nikaenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi mwalimu alileta beringi ili tujaribu. Beringi inayofaa haiingii kwa hiari. Inagongwa kwa ubao, pole, inaingia kidogo kidogo ikinung'unika. Hii niliiweka kwenye ncha ya shafti na ikateleza yenyewe mpaka mwisho, kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto.

Vijana walisogea. Mwalimu akachukua maikromita, akapima, akaniangalia.

"Ulipima lini?"

"Jana. Nilipomaliza tu."

"Ulishika chuma kwa mkono?"

"Kilikuwa moto."

"Kwa nini kiwe moto? Maji yalikuwa yanamwagika?"

Kijana wa Mwingi ndiye alijibu.

"Mwalimu, huyu mama hafunguangi maji. Tangu Januari."

Wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka, na hakupandisha sauti pia. Alivuta kiti akakaa.

"Chuma kikipata joto kinanenepa," akasema. "Niliwafundisha. Mama, wewe ulipima mtu akiwa ameshiba. Amelala usiku, tumbo limerudi. Sasa amepungua nusu ya karatasi yetu ya Biblia."

"Nilikuwa nabakisha maji, Mwalimu."

"Unambakishia nani? Yale yana mafuta. Hata mbuzi hatayanywa."

"Najua."

"Sasa?"

"Mkono ndio haujui."

Akatikisa kichwa, na mwanafunzi mmoja nyuma akasema nyanya yake yuko hivyo hivyo, ananawa uso kwa maji ya kikombe cha chai kisha anamwagia mboga. Hakuna aliyecheka hapo. Nyanya wa kila mtu alikuwa hivyo.

Nikauliza kama tunaweza kugonga vipele kama fundi wa Mtito Andei.

"Unaweza," mwalimu akasema. "Na mwakani utakuwa hapa tena na chuma kingine. Hicho kingine mnacho?"

"Hatuna."

Kisha akasema kuna njia moja, lakini tuelewane kwanza. Kwa mtihani nimeanguka. Mtahini anataka shafti ya kipande kimoja, na hii haitakuwa ya kipande kimoja tena. Kwa kinu, bado. Nichague nataka kufanyia kazi lipi kati ya hayo mawili siku zilizobaki. Nilimwambia la mtihani tuliache.

Njia yenyewe ilikuwa kuvisha shafti pete. Mahali pale palipopungua napakereza pawe pembamba zaidi, kisha natengeneza pete nene ya chuma ambayo tundu lake ni dogo kuliko pale inapokwenda, dogo kwa robo mbili au tatu za ile karatasi. Ikiwa baridi haiingii kamwe. Unaitia kwenye makaa mpaka ibadilike rangi, inanenepa, tundu linapanuka, unaivisha haraka, na ikipoa inabana shafti hata kwa nyundo haitoki. Halafu unaikereza kwa nje mpaka kipimo. "Joto lile lile lililokunyang'anya," mwalimu akasema, "tulitume lifanye kazi."

Lakini kukereza kule kwa mwisho kulitaka maji, na safari hii bila mchezo. Tangi la ledhi lilikuwa limeshuka mpaka matope. Nalo tangi kubwa mkuu wa polytechnic alikuwa amelitia kufuli wiki ile ile: maji ni ya kupikia na ya kunywa, mashine zingoje mvua. Mwalimu alimwomba mbele yangu, na mkuu akajibu kwamba akifungulia chuma maji, kesho wapishi watamuuliza. Hakuwa na makosa.

Basi Jumamosi nilienda mtoni na mitungi miwili ya mama mdogo. Kwenye shimo kulikuwa na foleni kama kawaida, wanawake wamekaa kwenye mchanga na kata zao. Mmoja niliyemjua, muuza mboga, akaniuliza mbona leo mitungi miwili na nyumbani tuko wawili tu.

"Huu mmoja ni wa chuma," nikasema.

"Chuma gani kinakunywa maji?"

Nikaeleza. Sikueleza vizuri.

"Kwa hiyo unaenda kukimwagia."

"Ndiyo."

"Kimeokoka? Mnakibatiza?"

"Kama ni ubatizo si wangekitumbukiza mtoni," mwingine akasema.

"Mto uko wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kata. Lakini zamu yangu ilipofika, yule muuza mboga aliangalia mtungi wa pili ukijaa, muda wote, na hakusema mzaha tena. Mimi sikumwangalia. Nilifika polytechnic nikaumimina wote kwenye tangi la ledhi, mwalimu akachanganya mafuta, yakawa meupe.

Siku ya kuvisha pete, kijana wa Mwingi ndiye alishika koleo. Shafti ilisimama wima kwenye vaisi, kile kibanio cha mezani, imefutwa. Mwalimu alituambia kwamba tukisita pete itapoa njiani, itashika katikati, na hapo ndipo mwisho, hakuna atakayeitoa. Pete ilikuwa kwenye makaa, mwalimu anavukuta, anaangalia rangi. Ikawa ya majani makavu, ikawa ya zambarau, ikaanza kwenda buluu.

"Sasa."

Kijana akaitoa, akaileta juu ya shafti. Pete ikagusa pembeni, ikakaa mshazari.

"Mama," akasema, hakuwa na mzaha.

Nilikuwa na ubao mkononi. Niliinyoosha kwa kuusukuma upande ulioinuka, pete ikalala sawa, ikashuka. Ilishuka mpaka kwenye bega la shafti, pale unene unapoanza, na kusimama. Tulibaki tumeinama. Baada ya muda mfupi ilitoa sauti ndogo, kama kijiti kinachovunjwa, nayo ilikuwa imebana. Tuliiacha ipoe yenyewe. Kijana alienda nje kuswali, ilikuwa saa yake.

Kesho yake niliikereza kwa nje, bomba likiwa wazi. Nilikuwa nayaona yale maji yanavyoruka kwenye sakafu na kunywewa na vumbi. Nilimenya, nikasimamisha, nikangoja, nikashika chuma kwa kiganja mpaka nikawa na hakika kimekuwa baridi kama mlango wa chuma asubuhi, ndipo nikapima. Nikamenya tena. Mahali pa beringi ya pili, upande mwingine, nilifanya vivyo hivyo. Beringi zote mbili ziligongwa kwa ubao kuingia, zikanung'unika. Maji yalipobaki kidogo kwenye tangi niliyaacha kwa wenzangu.

Nilirudi nyumbani na shafti imefungwa kwa leso. Wanawake walikuwa kwenye kinu tangu asubuhi, na madebe yao ya mahindi ya msaada yamepangwa. Niliona afadhali niseme kabla haijafungwa. Nilimwambia mwenyekiti, wote wakisikia, kwamba chuma kilipungua mkononi mwangu kwa sababu nilinyima mashine maji, na kwamba hapa kuna pete ya kuvishwa.

Alipitisha kidole. Mstari wa kuunganisha ulikuwepo, ukijua pa kutafuta.

"Itatoka?"

"Mwalimu anasema haitatoka."

"Sikumuuliza mwalimu."

"Haitatoka," nikasema.

Aliishika kidogo zaidi, akampa mwendesha kinu, mwanamume wa pale kijijini tuliyemwajiri. "Fungeni," akasema. "Hata rinda langu la kanisa lina kiraka, na Mungu hajalikataa."

"Na huyo mama cheti yuko nacho?" mwendesha kinu akauliza.

"Wewe funga."

Alifunga. Injini ikakohoa, ikashika, ukanda ukavuta, kinu kikapanda sauti mpaka ile sauti yake ya kazi, iliyo sawa, isiyolia. Debe la kwanza likamiminwa. Hakuna aliyeshangilia; watu walikuwa wanasikiliza. Baada ya madebe kadhaa mwendesha kinu aliweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, kama unavyomshika mtoto paji la uso ukitaka kujua homa. Alikiacha pale kwa muda mrefu, halafu akaita mahindi yanayofuata.

Mtihani niliurudia mwaka uliofuata kwa kipande kifupi cha polytechnic, nikapita, na cheti kile kililiwa na mchwa pamoja na sanduku. Shafti haikutolewa tena. Ilisaga mahindi ya njaa ile yote na ya miaka mingine, injini ikabadilishwa mara mbili juu yake, na kikundi kilipouza kinu kwa mtu wa Mwingi, si yule kijana, ilikwenda nacho ikiwa bado na pete yake.